Sauti ya Mwanamume Ndani ya Eda

Jumatatu, 1 Julai

Maneno kumi tena leo. Kijiko, mwiko, kifuniko, ufagio, ndoo, kamba, mto, shuka, kioo, ufunguo. Kioo kimefunikwa kanga tangu msiba, lakini jina lake la Kiingereza nimelipata.

Utaratibu ni uleule. Nikishakunywa chai naketi mkekani, nachagua vitu kumi ninavyoviona bila kuinuka, nasikiliza majina yake kwenye simu, nayatamka mpaka ulimi uzoee. Nisichokiona sikisomi. Wiki iliyopita nilijaribu barabara na ndege, yakanitoka kabla ya adhuhuri. Neno la kitu kilicho mbele yangu linakaa.

Leo siku ya hamsini na mbili tangu mume wangu Juma atangulie. Eda ni miezi minne na siku kumi, na sitoki mpaka iishe. Ikiisha nina siku mbili tu za kujipanga. Mama Nuru, mwenye nyumba ya wageni kule Masoko, ameniwekea nafasi ya jikoni: chai ya asubuhi, na chumba cha kulala pia. Sharti lake moja. Niweze kuzungumza na Wazungu wake mambo ya kawaida, yai, chumvi, taulo, maji ya moto. Nisipoweza atachukua mwingine. Msimu wa wageni haumngoji mfiwa.

Nyumba hii ya Kivinje ni ya ukoo wa Juma. Nikitoka eda anaingia mtoto wa shemeji Hamisi, anaoa. Kaka yangu wa Nachingwea ameshatuma neno kwamba atakuja kunichukua nikamsaidie mikorosho. Nina miaka arobaini na nane na sina mtoto wa kumkimbilia. Nikienda kule nitakuwa shangazi wa jikoni mpaka siku yangu. Sitaki.

Jumatano, 3 Julai

Masomo alinitilia Rehema, mtoto wa dada yangu, kwenye kadi ya simu alipokuja arobaini. Vile vya kuweka masikioni sina, nasikiliza hivihivi.

Mwalimu ni mwanamume. Sauti nzito, ya taratibu, sauti ya mtu aliyekula akashiba. Anataja neno, ananyamaza, anangoja nilirudie. Anangoja kweli. Sijapata kuona mwanamume wa kungoja namna hiyo. Juma, Mungu amrehemu, alikuwa akikuuliza jambo huku anavaa viatu.

Jumamosi, 6 Julai

Wifi Tatu kaleta ugali na kisamvu. Ni dada wa Juma, anakaa upande wa pili wa nyumba hii hii. Kati yetu upo ukuta usiofika paa. Ndiye msimamizi wa eda yangu, na kazi hiyo kaishika kwa mikono miwili. Anajua nimekohoa mara ngapi. Kanizidi miaka kumi na miwili, kwa hiyo kila asubuhi namwamkia shikamoo kupitia pazia, naye huitikia marahaba kwa shingo upande.

Leo kaweka sahani, kauliza kama nimekula ya jana, kaondoka.

Wageni wa kutoa pole wameisha. Mwezi wa kwanza nilitamani waende zao, walikuwa wakikaa, wanasimulia misiba yao. Sasa nasikiliza kila ndara inayopita nje.

Alhamisi, 11 Julai

Nyumba imekwisha. Nimesoma hadi bawaba. Nimesoma hadi utando wa buibui. Sina kingine cha kutazama.

Nikamtumia Mama Nuru ujumbe, na alasiri akaja mwenyewe na kikapu. Taulo mbili, foronya, visabuni vya wageni, sinia, chujio, kopo la siagi, na kile kibao cha kuning'iniza mlangoni ili mtu asisumbuliwe. Nikavipanga mkekani kama mwenye genge. Mama Nuru akaondoka, nikabaki navyo, nikiviita kimoja kimoja.

Kibao nilikijaribu mlangoni kwangu. Kisha nikakitoa. Mimi nasumbuliwa na nani?

Jumatatu, 15 Julai

Leo mwalimu kaacha vitu, kaingia kwenye salamu. "How are you today?" Yaani hali yako leo. Akangoja.

Nilishindwa kujibu. Ulimi ulikuwa tayari, mimi ndiye sikuwa tayari. Tangu msiba watu wananiambia pole. Pole wifi, pole mama, pole dada. Nami najibu tumeshapoa, maana pole haina jibu lingine. Hakuna aliyeniuliza hali yangu ya leo, leo yenyewe, siyo ya msiba.

Nikajibu alivyofundisha. "I am fine, thank you." Sijambo, ahsante. Uongo mtupu.

Kisha nikarudisha nyuma ili aniulize tena.

Jumapili, 21 Julai

Somo la salamu nimelisikiliza wiki nzima. Asubuhi mara mbili, alasiri mara mbili. Si kwa kujifunza, nalijua lote. Naona haya kuandika, lakini daftari ni langu. Nataka kuulizwa.

Jana nilimjibu kwa Kiswahili. Nilimwambia mgongo unauma, na kwamba nimechoka kuvaa nyeupe, na kwamba Wifi Tatu anatia chumvi nyingi kwenye mboga na sina wa kumwambia. Akanyamaza zile sekunde zake. Akasema vizuri sana, tuendelee.

Mjinga yule.

Ijumaa, 26 Julai

Kuna jambo. Siku ya tatu leo Wifi Tatu hasemi. Sahani inawekwa kizingitini, kikohozi kimoja, kaenda. Shikamoo yangu inarudi tupu.

Jana jioni nilimwona kwenye upenyo wa dirisha. Anafagia mchanga chini ya dirisha langu. Hapajawahi kufagiliwa hapo tangu nimeolewa. Kafagia mpaka mchanga ukalala laini kama unga. Leo asubuhi kaja kuutazama. Kainama, kashika kiuno, kazunguka mpaka pembeni.

Anatafuta nyayo.

Zilikuwepo za kuku. Za mtu hakuna. Badala ya kufurahi akaonekana kukasirika zaidi. Sikumwelewa. Au nilimwelewa, nikakataa.

Jumapili, 28 Julai

Wamekuja. Shemeji Hamisi, kaka mkubwa wa Juma, kasafiri toka Pande kwa ajili hiyo. Kakaa barazani, mimi nyuma ya pazia, Wifi Tatu katikati.

"Shemeji, tumeambiwa una mgeni humu ndani."

"Mgeni gani, shemeji?"

"Mwanamume. Mnazungumza lugha ya watu. Yeye anauliza, wewe unajibu. Kila siku."

"Lisemwalo lipo," akadakia Wifi Tatu. "Mimi sina tatizo la masikio."

Nilicheka. Hapo ndipo nilipokosea. Mfiwa hacheki, na anayesingiziwa akicheka anajitia kitanzi. Nikapitisha simu chini ya pazia ikiwa imewashwa. Mwalimu akamsalimu shemeji Hamisi, akamuuliza hali yake ya leo, akangoja. Hakuna aliyemjibu. Akasema vizuri sana.

Niliona aibu kana kwamba nimevuliwa nguo. Ilikuwa kweli kwamba humu hamna mwanamume. Ilikuwa kweli pia kwamba nilikuwa namngoja.

Nikadhani yameisha. Shemeji Hamisi akafikiri, akasema sauti ya mwanamume ni sauti ya mwanamume, iwe ndani ya simu au nje ya simu. Eda imeharibika. Niianze upya, kuanzia leo. Wazee wao ndivyo walivyofanya.

Nimehesabu kwa vidole. Desemba. Wakati huo Mama Nuru ameshamzoea mwingine na kaka yangu ameshanipangia shamba. Mtoto wa Hamisi naye atangoja nyumba mpaka Desemba, kwa hiyo shemeji hana faida yoyote hapa. Anaamini kweli. Hilo ndilo baya.

Jumatatu, 29 Julai

Sikusoma.

Nimemkasirikia Tatu. Nimemkasirikia Hamisi. Nimemkasirikia Juma kwa kuniachia ndugu zake. Hasa Juma.

Alhamisi, 1 Agosti

Nimemwandikia Maalim wa msikiti wetu. Mistari minane. Nimeuliza mawili tu: je, eda huanza upya? Na sauti ya kwenye simu ni mtu? Mama Nuru kapeleka barua. Kasema kama jibu ni Desemba, nimwambie mapema, hatanilaumu. Kwa upole kabisa kasema. Ningependa angenigombeza.

Mchana nilimsikia Wifi Tatu analia. Kwa chini, kama mtu aliyetia kanga mdomoni, lakini ukuta haufiki paa. Sikuwahi kulifikiria. Juma alikuwa kaka yake miaka mingi kabla hajawa mume wangu. Mimi nimepewa nguo, siku za kuhesabu na watu wa kunipa pole. Yeye kapewa kazi ya kunilinda.

Bado nimemkasirikia.

Jumapili, 4 Agosti

Maalim kaja baada ya swala ya alasiri. Mzee mfupi, haraka hana. Kakaa barazani na shemeji Hamisi, ambaye hakuwa amerudi Pande, akamwita Wifi Tatu.

"Ulimwona mtu?"

"Sikumwona, Maalim."

"Ulisikia nini?"

Wifi Tatu akavuta pumzi. Kisha akalitoa somo zima. Salamu na majibu, bila kukosea, kwa sauti nzito ya mwalimu na kwa sauti yangu. Hata pale mwalimu anaponyamaza, akanyamaza. Hata lile nililosema kuhusu chumvi yake akalitoa, kwa Kiswahili, mbele za watu. Nilitamani ardhi inimeze. Maalim akakohoa mara mbili. Nadhani alikuwa anajizuia.

Akasema eda ni siku, na siku haziharibiki. Zinahesabiwa tangu msiba. Mtu akikosea, kosa lake liko peke yake na hesabu iko peke yake. Simu si mtu. Nipunguze sauti tu, nisiwape wenzangu kazi. Shemeji Hamisi hakubisha. Akasema, "Basi mimi nilikuwa sijui," na nikamheshimu kwa hilo.

Maalim alishasimama alipoongeza jambo. Mjane mwenye haja ya riziki anaruhusiwa kutoka mchana, mradi alale nyumbani kwake.

Siku themanini na sita. Nimekaa humu siku themanini na sita, na mlango ulikuwa wazi mchana kutwa. Sikuuliza. Sijui kama niliogopa watu au niliogopa nje.

Jumatano, 7 Agosti

Nimekwenda Masoko, nimerudi kabla ya magharibi. Jua liliniumiza macho. Nje kuna vitu vingi mno na sina majina yake.

Mama Nuru kanionyesha jiko lake. Nilitaja vitu vyote, rafu kwa rafu, mwenyewe nikajiona. Kisha mgeni mmoja akachungulia, akasema jambo refu, akangoja. Nikasimama na sufuria mkononi. Jina la sufuria lilikuwa mdomoni tayari, ila hakuniuliza sufuria. Akatabasamu, akaenda.

"Hujui kuongea, Mwanahawa," kasema Mama Nuru. "Unajua kuita vitu."

Kweli tupu. Nimerudi na hasira na nyanya za Wifi Tatu. Nyanya nimeziweka kizingitini kwake. Nikakohoa.

Jumanne, 20 Agosti

Somo la salamu silisikilizi tena. Tangu lipigwe barazani limekuwa la watu wote. Sasa nasoma maneno ya mezani na ya kuulizana: unatoka wapi, umelalaje, una watoto wangapi, mama yako, baba yako, mumeo. Nasoma kwa sauti ndogo, simu sikioni kama naongea na benki.

Nakwenda Masoko mara mbili kwa wiki. Kwenye gari nasema kimoyomoyo ninachokiona. Nazi. Ng'ombe. Mtu amebeba godoro. Yananikaa.

Leo Wifi Tatu kaweka sahani, ila hakuondoka. Kakaa kizingitini, kamenya mihogo yake hapo hapo, karibu saa nzima. Hakuomba radhi. Mimi pia sikuomba, kwa ile chumvi. Mwishowe kanyanyua kisu, kauliza kinaitwaje. Nikamwambia. Kasema lugha gani hiyo, mtu anasema kana kwamba anatema kokwa, kainuka kaenda.

Mboga haikuwa na chumvi kabisa.

Jumamosi, 7 Septemba

Siku ndefu. Kaka kapiga simu, kauliza aje lini. Nimemwambia asije. Kauliza, ukishindwa huko je? Nikasema chaji inaisha.

Nikishindwa nitashindwa. Lakini niende nikashindwe mwenyewe.

Jumatatu, 16 Septemba

Nimetoka eda.

Wifi Tatu kanikogesha uani, asubuhi, kama desturi. Kanimwagia maji, kanisugua mgongo kwa nguvu, mfano wa mtu anayeosha sufuria ya ubwabwa. Nguo nyeupe kazikunja, zitatolewa sadaka. Kanipa kanga mpya, doti nzima, kaichagua yeye. Nimetia wanja. Kioo kimefunuliwa na nimejiona. Nimezeeka, lakini siyo sana.

"Umekonda," kasema.

Baadaye, nikiwa nafunga mzigo: "Upande wako atalala yule mtoto wa Hamisi na mkewe. Anakoroma, yule."

Nilijua anachosema. Nilitaka kumwambia nitakuja kumtazama kila Ijumaa. Sikusema, maana sijui kama nitakuja, na yeye angeng'amua. Nilimshika mkono. Akauachia kwanza yeye.

Jumatano, 18 Septemba

Kazi imeanza. Mama Nuru kanipa siku saba za kunitazama. Wageni wakilalamika, basi, tunaachana kwa heri.

Leo mgeni kataka kitu, sikumwelewa, nikampelekea vitu vinne achague. Kachagua kijiko.

Chumba changu kiko nyuma, karibu na tangi la maji. Kitanda kimoja, dirisha moja, msumari wa kutundika kanga. Ukuta wake unafika paa. Sisikii mtu.

Ijumaa, 20 Septemba

Wageni wawili wa Arusha, wakaongea Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Nimefurahi kama mwanafunzi aliyesikia mwalimu anaumwa. Mama Nuru hakufurahi. Siku hiyo haihesabiki, kasema.

Jumapili, 22 Septemba

Mgeni mmoja tu leo. Mama wa Kizungu mtu mzima, nywele nyeupe, yuko peke yake. Sijui wa nchi gani. Nimempelekea mayai, chapati, chai ya maziwa. Mama Nuru alikuwa kasimama mlango wa jikoni, anafuta glasi ambayo ilishakauka.

Kaniuliza jina, nikamwambia. Kaniuliza umelalaje, nikamwambia. Kaniuliza watoto, nikasema hapana. Kisha akauliza mume wangu yuko wapi. Nililielewa swali lote, neno kwa neno, na nikajua siwezi kujifanya sikulielewa.

Kwa lugha yetu ninayo mengi ya kupitia. Ametangulia. Hatunaye. Marehemu. Mungu kampenda zaidi. Miezi minne nimeyatumia yote kwa zamu. Kwa Kiingereza ninalo moja tu, lile la somo la familia, na mwalimu hakutoa lingine.

"My husband is dead," nikasema.

Juma amekufa. Sikuwahi kulisema hivyo. Si kwa kaka yangu, si kwa Maalim, si humu daftarini. Nimepekua kurasa zote kuhakikisha, na kweli halimo. Nimelisema mara ya kwanza kwa mtu nisiyemjua, kwa sababu sikuwa na neno la kumfichia.

Yule mama akasema jambo ambalo sikulielewa. Akavuta kiti cha pili, akakipigapiga kwa kiganja. Nikakaa. Si desturi ya kazi, lakini nikakaa. Yeye akatazama bahari, mimi nikatazama chapati zake. Tukakaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Nililia baadaye, kwenye kuosha vyombo. Nimelia kama mtu aliyeletewa habari asubuhi ileile. Sahani moja niliiosha mara tatu.

Mama Nuru kaniacha mpaka nikamaliza. Kisha kasema siku saba za nini, yeye hana haja ya kungoja, nikae. Kesho wanakuja wageni watatu na wanakula mapema. Nimekanda unga, nimeufunika.